Samaki wangu wanazaa wakiwa na urefu wa kidole: je, niliuziwa mbegu ya vibeti?

SWALI: Jambo Enjenia. Niko na bwawa la samaki huku Kabare, Congo, upande wa Ziwa Kivu, mita 10 kwa 15. Mwaka jana nilinunua alevini (vifaranga) 400 za tilapia, nikaambiwa ni za kukua haraka. Sasa imepita miezi 14. Nikivuta wavu napata samaki wengi mno, lakini ni wa urefu wa kidole, wachache wanafika kiganja, na wengine wanatema mayai ya manjano kutoka mdomoni. Jirani anasema hayo mayai ni ugonjwa. Shemeji anasema niliuziwa vibeti, yaani samaki wasiokua, nimwage wote ziwani halafu ninunue mbegu ya ng'ambo. Nifanye nini? — Mama M., Kabare.

JIBU: Jambo sana, Mama. Kabla ya yote nakuomba mambo mawili: usimwage samaki ziwani, na usitoe hata dolari moja ya mbegu mpya kwa sasa. Mayai uliyoyaona si ugonjwa, ni uzazi. Na kwa jinsi ulivyoeleza, sioni dalili ya kuuziwa vibeti. Uliuziwa samaki wa kawaida, na hali ya bwawa ndiyo inayowafanya wazae wakiwa bado wadogo. Ukileta mbegu mpya katika bwawa hilo hilo, kwa utunzaji huo huo, mwakani wavu wako utatoka na vidole vile vile.

Samaki tunayemfuga huku, yule wataalamu wanamwita Oreochromis niloticus, ni mwenyeji wa maji yetu. Yumo katika mto Nile, yumo Ziwa Albert, Edward, Kivu na Tanganyika. Si kama sambaza, wale dagaa walioletwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959. Tilapia huyu alikuwamo Kivu tangu zamani. Uzazi wake uko hivi. Dume huchimba kisahani cha mviringo kwenye tope, mahali pa maji mafupi karibu na ukingo, na hapo hukaa akifukuza madume wengine. Jike aliyeiva huja, hutaga mayai machache, dume huyarutubisha, na jike hugeuka mara moja akayakusanya kinywani. Wakimaliza, jike huondoka na mzigo wake, dume hubaki kungoja mwingine. Maji yakiwa na joto la nyuzi 27 au 28, mayai huanguliwa baada ya siku nne hadi sita. Vifaranga hubaki kinywani mpaka ile akiba ya kiini cha yai iishe, na hata wakianza kutoka kutafuta chakula hurudi mle mbio wakiona hatari. Muda wote huo mama hali, au anaokoteza kidogo tu. Akishikwa na wavu anashtuka na kutema. Ndiyo yale ya manjano uliyoyaona, na samaki huyo unaweza kumla bila wasiwasi wowote.

Hapo hapo ndipo unapoelewa kwa nini madume hukua kuliko majike. Dume anakula kila siku. Jike anafunga, anazaa, anakula siku chache, anafunga tena. Chakula kidogo anachopata kinageuka mayai badala ya nyama.

Sasa tuje kwenye neno la vibeti. Katika maziwa makubwa ya Afrika Mashariki tilapia huyu huanza kuzaa akiwa na miezi 10 hadi 12, na uzito wa gramu 350 hadi 500. Katika bwawa linalotunzwa vizuri huanza mapema zaidi, miezi mitano au sita, akiwa na gramu 150 hadi 200. Katika bwawa lenye msongamano na njaa, hata wa chini ya gramu 20 ana mayai. Ni samaki yule yule. Mtafiti Mwingereza Rosemary Lowe-McConnell aliliandika jambo hili mwaka 1958: katika wangwa mdogo wa Buhuku, pembeni ya Ziwa Albert, tilapia walikuwa wanazaa wakiwa na urefu wa sentimita 10 hivi, wakati wenzao wa ziwa lenyewe walingoja mpaka sentimita 28. Hakuna aliyewauzia Buhuku mbegu mbovu. Samaki huyu ameumbwa hivyo: maji yakiwa makubwa na tulivu, anajenga mwili kwanza, akibanwa mahali pafinyu, anawahi kuzaa.

Na wewe ulimbana bila kujua. Tupige hesabu pamoja. Katika alevini 400, tuseme majike ni 200. Jike wa gramu 100 hutoa mayai kama 100 kwa uzao mmoja, na wadogo hutoa machache kuliko hapo. Tuwe wachoyo kabisa, tuseme kwa kila jike wanapona 30 tu. Hao ni 6,000 kwa mzunguko mmoja, na kukiwa na joto jike anaweza kurudia baada ya wiki nne hadi sita. Bwawa lako la mita za mraba 150 lina kiasi fulani cha nyama ya samaki linachoweza kulisha. Chukua kwa mfano kilo 40. Kilo 40 zikigawanywa kwa samaki 200, kila mmoja ni gramu 200, samaki wa kuweka kwenye sahani ya mgeni. Zikigawanywa kwa 6,000, hakuna anayefikisha gramu 7. Chungu cha bugali ni kile kile, walioketi kukizunguka ndio wamezidi. Kwa hiyo shemeji anaposema samaki ni vibeti, mwambie bwawa linazaa kupita kiasi.

Hata hivyo, kabla hujaanza kazi, nataka uhakikishe kwamba ulio nao ni tilapia kweli, maana kuna watu wamelisha pumba mwaka mzima samaki ambaye hawezi kukua hata angelishwa mikate. Chukua samaki kumi hivi, wale wakubwa kidogo, uwatie katika beseni jeupe lenye maji safi na uwatazame juani. Anza na mkia. Tilapia wetu ana mistari myeusi iliyosimama, inayoonekana vizuri mkia ukitanuka, tangu shinani hadi ncha. Ukiiona hiyo, tulia. Sasa geuza macho kwenye pezi la chini, lile lililo nyuma ya tundu la haja. Ukikuta mkia hauna mistari, na kwenye pezi hilo la dume kuna vidoa vya mviringo vya rangi ya manjano au chungwa, kama mayai yaliyochorwa, huyo si tilapia. Huyo ni wa jamii ya Haplochromis. Ziwa Kivu lina aina 15 za jamii hiyo ambazo hazipatikani penginepo duniani, kama mtafiti Jos Snoeks alivyozipanga katika kazi yake ya mwaka 1994. Nao majike wao hubeba mayai kinywani, na hilo ndilo linalowachanganya watu. Lakini ni wadogo kwa maumbile, na wepesi sana kupenya bombani wakiwa vifaranga, kama maji yako yanatoka kwenye kijito kinachoungana na ziwa au na mabwawa ya wengine. Samaki wazuri, tena fahari ya ziwa letu, ila si wa kufuga kwa ajili ya soko.

Yuko na wa tatu: Coptodon rendalli, mwenye kifua chekundu na doa jeusi kwenye pezi la mgongoni upande wa nyuma. Huyu anapenda majani, na mayai yake huyataga chini, habebi kinywani. Angalizo: vifaranga wa tilapia wetu nao huwa na doa kama hilo utotoni, kwa hiyo doa lisomwe kwa wakubwa tu. Rendalli pamoja na tilapia mwingine, Oreochromis macrochir, walisambazwa sana katika mabwawa ya nchi hii wakati wa Wabelgiji, na kituo cha Kipopo karibu na Lubumbashi kilikuwa na mkono mkubwa katika kazi hiyo. Ndiyo maana vilimani mbegu imechanganyika. Macrochir na niloticus wakikutana bwawani wanazaliana, na ukikuta samaki mwenye mistari hafifu isiyofika ncha ya mkia, huenda ni mtoto wa pande mbili. Kwa kula hana tatizo. Kwa mbegu, mwache.

Ukikuta Haplochromis ni wengi, dawa ni moja: kausha bwawa lote, mwaga chokaa kwenye vidimbwi vinavyobaki tope linapokauka, na funga wavu wenye matundu madogo sana mdomoni mwa bomba la kuingizia maji. Kipande cha chandarua kilichokunjwa mara mbili kinatosha, mradi kisafishwe kila siku kisije kikaziba.

Nirudi kwa tilapia. Umeniambia uko Kabare, na Kabare ni kubwa: inaanzia ukingoni mwa ziwa, kama mita 1,460 juu ya bahari, inapanda hadi vilima vya baridi upande wa Kahuzi. Tilapia huyu anakua vizuri zaidi maji yakiwa na nyuzi 29 hadi 31, joto ambalo huku kwetu tunalisikia tu. Yakishuka kuelekea nyuzi 17 anaacha kula. Chini ya nyuzi 20 na kuzaa kunasimama. Sasa angalia: wako wanazaa kwa fujo. Maana yake bwawa lako halijapoa kiasi cha kukatisha tamaa, na ubaridi si mshitakiwa wa kwanza. Kule Rwasave karibu na Butare, Rwanda, ng'ambo ya mto Ruzizi, watafiti walifuga tilapia huyu kwenye mita zaidi ya 1,600, na samaki walikua. Wanakua polepole kuliko wa Uvira, kule chini kwenye joto la Ziwa Tanganyika, lakini wanakua.

Nina swali moja ambalo hukulijibu: je, maji ya kijito yanapita bwawani usiku na mchana? Nauliza kwa sababu karibu kila bwawa ninalolikuta limeachwa wazi juu na chini, maji yanaingia yanatoka, na mwenyewe anafurahi kwamba samaki wake wanapata maji mapya. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu ni kosa dogo linalokula jasho la watu wengi. Maji ya kijito ni baridi, hasa alfajiri. Yakipita bila kukoma, yanapoza bwawa na kubeba mbolea yote uliyotia, yanakwenda kumnufaisha mwenye shamba la chini. Ingiza maji ya kujaza tu yale yaliyovuja na yaliyokauka kwa jua. Baada ya hapo ziba bomba. Maji yakilala yanapata joto mchana, na yakipata mbolea yanageuka kijani.

Kijani hicho ndicho chakula chenyewe. Watu wengi wanakiogopa wakidhani ni uchafu. Tilapia huyu ni mmoja wa samaki wachache wanaoweza kuumeng'enya ule mwani wa kijani-bluu unaoelea majini, kwa sababu tumbo lake linatengeneza tindikali kali ajabu. Mtafiti D. J. W. Moriarty alilithibitisha hilo kwa samaki wa Ziwa George, Uganda, na akalichapisha mwaka 1973. Kwa hiyo kila asubuhi maji yako ya kijani ni sahani iliyokwisha kuandaliwa, tena bure. Pima kwa mkono wako: simama ukingoni, zamisha mkono ukiwa umenyooka na kiganja kimekunjwa kuelekea juu. Kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kiwiko, au kabla kidogo, maji ni mazuri. Ukikiona kiganja hata maji yakifika begani, samaki wako wana njaa. Kikipotea maji yakiwa bado kwenye kifundo cha mkono, umezidisha mbolea, pumzika.

Mbolea yenyewe usiimwage ovyo. Kata pembe moja ya bwawa, sehemu kama ya kumi ya eneo lote, uizungushie fito au mianzi, na humo utie majani mabichi, magugu, majani ya mateke (magimbi), kinyesi cha kuku, cha sungura au cha nguruwe, na majivu kidogo. Koroga kwa mti kila wiki. Itaoza na kutoa rutuba pole pole. Ukiwakuta samaki alfajiri wamepanda juu wote wanahema midomo wazi, hewa imepungua majini: acha mbolea, fungua bomba siku hiyo na ya pili, mpaka watulie. Pumba na dreshi (masalia ya nafaka) za kiwanda cha bia zinasaidia, lakini zitupe mahali pamoja, alasiri maji yakiwa yamepata joto, na kwa kiasi wanachomaliza mbele ya macho yako. Zinazozama zinaoza, na fedha yako inaoza nazo.

Sasa kazi kubwa, kupunguza midomo. Subiri kiangazi, mwezi wa sita au wa saba, ambapo udongo unakauka upesi. Amka mapema, fungua maji, kusanya samaki wote katika mabeseni na madumu yaliyokatwa, kivulini, na maji yabadilishwe mara kwa mara. Omba watoto wa nyumbani wakusaidie, maana ni kazi ya mikono mingi. Wenye urefu wa kidole wakaange, wakaushe, wauze. Sokoni Kadutu, pale Bukavu, samaki mdogo mkavu hakosi mnunuzi. Hawa si hasara, ni mavuno yako ya mwaka huu, hata kama siyo uliyoyaota.

Wenye urefu wa kiganja, kuanzia gramu 30 hivi, wabakize kwa kuchambua. Hapa nataka niende taratibu, kwa kuwa watu wengi wanaogopa kazi hii na inafundishika kwa asubuhi moja. Lowesha mikono kwanza, maana mkono mkavu unachubua utelezi wa ngozi na samaki anakuja kuugua. Mshike kichwa kikiwa ndani ya kiganja, tumbo juu. Karibu na pezi la chini utaona tundu la haja, na nyuma yake kinundu kidogo cha nyama. Kinundu ndicho kinachosema. Cha dume kimechongoka, na kina kitundu kimoja tu kwenye ncha. Cha jike ni kipana na butu, na katikati yake kuna mpasuko umekingama, mfano wa mdomo uliofungwa. Kwenye ncha kina kitundu kingine kidogo sana cha mkojo. Kwa hiyo ukihesabu na tundu la haja, dume ana matundu mawili, jike matatu. Kama huoni vizuri, chovya kipamba katika ile dawa ya bluu au ya violeti wanayopaka vidonda, inauzwa farmasi, uguse kinundu kisha ufute. Rangi inabaki ndani ya mpasuko, na jike anajionyesha mwenyewe. Ukisitasita, mhesabu kuwa jike. Dume mmoja aliyeliwa hakupunguzii kitu, lakini jike mmoja aliyerudi bwawani anarudisha ukoo mzima.

Utaniuliza: hawa madume waliodumaa miezi yote hiyo, watakua? Watakua. Walikosa nafasi, mwili wao haukuharibika. Wakipewa maji mapana na chakula wanaendelea kukua, na mara nyingi kwa kasi. Kwa bwawa lako ningeweka madume 200, nisizidishe 300 hata kama wamebaki wengi na roho inauma kuwauza. Ukitaka bima dhidi ya majike waliokupita machoni, baada ya miezi miwili tia kambare wadogo 10 au 15. Wawe wadogo kuliko tilapia siku ya kuingia, wasije wakala uliowapanda. Kazi yao ni vifaranga. Tengeneza ukingo vizuri, kwani kambare usiku wa mvua hutoka majini akapita kwenye majani kwenda anakotaka.

Kuhusu mbegu ya ng'ambo, shemeji hajakosea kwamba ipo mbegu bora. Ile iitwayo GIFT ilianza kuchaguliwa Ufilipino mwaka 1988, na wazazi wake baadhi walichukuliwa Misri, Ghana, Kenya na Senegal, yaani ni samaki wa Afrika aliyekwenda kufanyiwa kazi Asia, na matunda yake ni ya kweli. Lakini mweke katika maji yaliyojaa vifaranga na yeye atazaa akiwa kidole. Kuna pia mbegu ya madume watupu, inayopatikana kwa kuwalisha vifaranga homoni katika chakula kwa wiki tatu au nne za kwanza. Hiyo ni kazi ya kituo chenye vifaa na mtu aliyesomea. Asikudanganye mtu ukaijaribu jikoni. Ukija kuinunua siku moja, uliza wanavyohakikisha ni madume, na fungu lako la kwanza likifika kiganja, lichunguze kinundu kwa kinundu kabla hujamsifu muuzaji.

Na ziwa, Mama, naliomba hili kama mtu anayelipenda. Tilapia wa Kivu ana ukoo wake, na wataalamu wanamtambua kama nasaba ya eduardianus, ile ya Edward, Albert, Kivu na Tanganyika. Ukimwaga ziwani samaki waliochanganyika na macrochir, au mbegu ya mbali, wataoana na wa humo, na ukishachanganya ziwa hakuna anayeweza kulichambua tena kwa kipamba na dawa ya bluu. Wale wasiofaa bwawani ni wa sufuria.

Kama una kipande kingine cha ardhi, hata mita nne kwa tano, chimba kidimbwi cha mbegu pembeni. Weka humo majike watatu kwa kila dume mmoja, ukichagua katika wale wakubwa kabisa na wenye mistari safi mkiani. Hapa watu wengi hufanya kinyume: mkubwa anakwenda mezani, mdogo anaachiwa azae. Wakifanya hivyo vizazi kadhaa, ndipo kweli wanaanza kujitengenezea vibeti.

Bwawa likikauka, liache tope lipasuke, tia chokaa, rudisha maji na mbolea, ngoja yageuke kijani, na mvua za mwezi wa tisa zikianza ndipo urudishe madume. Kwa joto la huko kwenu usitegemee samaki wa kuuza kabla ya miezi minane, kwa hiyo Noeli ipite bila kuvuta wavu wa karamu. Hesabu yako iwe mwezi wa tano. Katikati, kila mwezi kamata samaki kumi, wapime kwa pamoja kwenye mizani ya dukani, andika, warudishe. Baada ya vipimo viwili niandikie, na unitajie mambo matatu: uzito wa wale kumi, joto la maji alfajiri na saa tisa alasiri, na mahali kiganja kinapopotelea ukizamisha mkono. Kwa hayo nitajua kama tuongeze mbolea, tupunguze samaki, au tukufungulie maji kidogo.